Mazoezi ya Kurudi Nyumbani

Nchi yetu ina sifa nyingi, lakini iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba hakuna kinachoanza kabla hakijazinduliwa. Jina la nchi silitaji, kwa sababu linapitiwa upya na kamati, na kamati yenyewe bado haijazinduliwa. Kisima kikichimbwa, maji hayanywi mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Ipo zahanati moja upande wa kusini ambayo wagonjwa wake wamekaa nje ya mlango miaka miwili na muuguzi amekaa ndani, na kila asubuhi wanasalimiana dirishani kwa heshima zote. Katikati yao upo utepe mwekundu. Hakuna aliyewahi kufikiria kuukata kwa kisu cha jikoni, maana sisi ni watu wastaarabu.

Mimi nayajua haya kwa undani kwa sababu ni mtumishi wa Idara ya Itifaki na Uzinduzi, kitengo cha vipaza sauti. Kazi yangu ni kufika kabla ya watu wote, kupuliza, kusema "moja, mbili, moja, mbili", kisha kunyamaza mpaka mwaka wangu wa kustaafu. Nimepulizia mawaziri tisa. Sina kinyongo na serikali, wala kusema vibaya sijui. Nikisimulia jambo, nalisimulia kama nilivyoliona nikiwa nimeshika waya.

Jambo lenyewe lilianza siku serikali ilipogundua kwamba watoto wana kwao.

Watoto ninaowasema ni wale wenye ulemavu wa akili, mia moja na sitini na mmoja, waliokuwa wakikaa katika Kituo cha Taifa cha Mabonde Saba, nyuma ya ukuta mrefu kuliko wa gereza. Wizara iliwapenda sana watoto hawa. Kwa miaka thelathini ilikuwa imewabadilishia jina mara saba, kila jina la heshima kuliko lililotangulia, na magodoro haikuwabadilishia hata mara moja. Waliamshwa kwa kengele, wakanywa uji, wakakaa kwenye mabenchi kuutazama ukuta, wakanywa uji, wakalala. Mkurugenzi wa kituo aliyaita hayo matibabu.

Kisha wataalamu wetu wakarudi kutoka kwenye mkutano, mahali fulani penye baridi, wakasema imethibitishwa kuwa mtoto hukua vizuri zaidi akiwa kwao, penye mama na majirani na kuku wa kukimbizana nao. Wizara ilishtuka. Ukaandikwa waraka wa kurasa mia mbili na kumi, ukaitwa Mpango wa Taifa wa Kuwarejesha Watoto katika Malezi ya Jamii. Bibi yangu, ambaye hajui kusoma, aliniuliza waraka huo unasema nini. Nikamwambia unasema mtoto akae na mamaye. Akauliza hizo kurasa nyingine zinasema nini, na mpaka leo sijamjibu.

Mpango ulitaka aanze mtoto mmoja wa mfano. Huyo akishazinduliwa, mia moja na sitini watafuata. Akachaguliwa Tunu, binti wa miaka kumi na moja, wa kijiji cha Nyamizuka, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka kituoni. Alichaguliwa baada ya uchunguzi wa kina, ulioonyesha kwamba barabara ya kwao inapitika kwa gari la waziri.

*

Mamaye Tunu ni muuza vitumbua. Miaka saba nyuma alikuja afisa na gari, akamwambia kuwa mtoto wa namna hii hulelewa na serikali, akampa karatasi aweke dole gumba, akampakia mtoto. Tunu alikuwa na miaka minne. Tangu siku hiyo Mama Tunu aliruhusiwa kumwona mwanawe Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, nusu saa, na meza katikati. Ukizijumlisha nusu saa zote hizo za miaka saba, hazifiki siku mbili.

Aliposikia anarudishiwa mtoto, hakuuliza kwa nini alichukuliwa. Alifunga biashara siku tatu, akapaka chumba chokaa, akashona chandarua kilichokuwa kimetoboka, akaja kusimama mbele ya Bwana Lugome na swali moja tu: lini.

Bwana Lugome ndiye Afisa Itifaki Mkuu. Ni mtu mwembamba, mwenye kuvaa saa mbili, moja ya kuangalia wakati na ya pili ya kuihakiki ya kwanza. Si mtu mbaya, ni mtu aliyeogopeshwa. Wakati wa ujana wake aliwahi kumkalisha waziri kwenye kiti kisicho na kitambaa, akapelekwa mpakani miaka mitatu kuzindua mbuzi. Tangu arudi, hajafanya kosa. Alimjibu Mama Tunu kwa upole kwamba uzinduzi ni Jumatano ya wiki ijayo, ila kabla ya uzinduzi, kama ada, kuna mazoezi.

Akatandika ratiba mezani. Saa nane mchana, basi linawasili. Wananchi wanafurahi, dakika tatu. Mtoto anashuka. Jirani wa kwanza anamshika mkono. Jirani wa pili anampa ndizi. Mgeni rasmi anahutubia, dakika arobaini. Utepe unakatwa. Mama anampokea mtoto, dakika moja, na asilie zaidi ya hapo. Mtoto anaingia nyumbani.

Utepe wenyewe ulifungwa siku hiyo hiyo kwenye mlango wa Mama Tunu, mwekundu, wa hariri, na mgambo akawekwa kuulinda. Kuanzia hapo mwenye nyumba alipita mlango wa uani.

*

Siku ya kwanza ya mazoezi wananchi wa Nyamizuka walifurahi dakika mbili na nusu, na Bwana Lugome akawaomba warudie.

Tuseme ukweli, hawakuwa na furaha. Walikuwa na hofu. Pale kijijini ilijulikana kuwa mtoto asiyesema sawasawa ni mkosi, na kwamba mjamzito akimtazama atazaa wa namna ile. Aliyelijua hili kuliko wote ni Bi Njiku, ambaye ua wake umepakana na wa Mama Tunu. Zamani, Tunu akiwa mdogo, Bi Njiku alikuwa akimwaga chumvi kila alipopita. Kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka barabarani, serikali ilimteua kuwa Jirani wa Pili.

Akapewa ndizi. Ilikuwa ya mti, imepakwa rangi ya manjano, imetoka bohari kuu, kwa sababu vifaa vya mazoezi havitakiwi kuoza. Bi Njiku akainyoosha kwa mkono mrefu, uso kageuzia pembeni kama mtu anayechinja kuku kwa mara ya kwanza. Tunu akaishika, akashukuru kwa kichwa, akaing'ata kwa nguvu zake zote. Nilisikia jino likigonga kwenye spika.

Hakulia. Aliitazama ndizi, akamtazama Bi Njiku, kisha akamrudishia kwa mikono miwili kwa adabu, kama mtu anayemsitiri mwenzake. Kesho yake alikuja amefunika kitu ndani ya khanga. Akatoa ndizi ya mti kwa ajili ya serikali, kisha akatoa ndizi ya kweli, ndizi sukari, imeiva, kwa ajili ya mtoto. Bwana Lugome alisema ndizi hiyo ya pili haimo kwenye ratiba. Bi Njiku akamjibu kwamba jino la mtoto nalo halimo.

*

Waziri hakufika Jumatano ile. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hawakusema mwenyeji afanye nini mgeni asipokuja. Alikuwa amekwenda nje kwenye kongamano la malezi ya jamii. Jumatano ya pili aliporudi, ilionekana rangi ya utepe inafanana na ya chama fulani, ukabadilishwa. Jumatano ya tatu alikuwa anazindua kalenda ya uzinduzi. Ya nne kulinyesha. Kila tarehe ilipoahirishwa, Bwana Lugome aliagiza mazoezi yaendelee kila siku isipokuwa Jumapili, watu wasisahau kufurahi.

Na mazoezi hayawezekani bila mgeni rasmi. Idara ilizunguka kijiji na futi ya fundi cherehani ikitafuta mtu wa kumwakilisha waziri, mwenye kiuno na shingo zinazolingana na za mheshimiwa, ili kiti na meza vipimwe sawa. Akapatikana mmoja tu, Mzee Makwega, mwenye bucha. Akakabidhiwa beji: Mgeni Rasmi wa Mazoezi.

Tatizo likawa hotuba. Hotuba ya waziri ni siri ya serikali mpaka siku yenyewe, kwa hiyo Mzee Makwega aliamriwa aseme chochote, mradi kifike dakika arobaini. Siku ya kwanza alieleza viungo vya ng'ombe, kuanzia nundu mpaka kwato. Siku ya pili alieleza ugomvi wake na nduguye juu ya mpaka wa shamba. Siku ya tatu alimsimulia marehemu babaye. Siku ya nne alisimama mbele ya kipaza sauti changu akiwa hana kitu. Maneno yalikuwa yameisha na dakika thelathini na nane zilikuwa zimebaki.

Akatazama huku na huku, na macho yake yakaangukia kwa Tunu.

Wakati wa hotuba Tunu alikuwa akikaa kwenye mkeka nje ya ule mlango wenye utepe, miguu kainyoosha, ungo mapajani. Mama yake alikuwa amempa mchele auchambue, ili atulie. Na mtoto huyu, ambaye kituoni waliandika kuwa hawezi kukaza akili kwenye jambo lolote, alikuwa akiuchambua kama mtu anayesoma barua. Anausambaza, anaupitia kwa kidole, punje kwa punje, jiwe akilipata analiinua juani alione kwanza, ndipo alitupe.

Basi Mzee Makwega akaanza kusema anachokiona. Akasema mtoto huyu ametoa mawe kumi na tisa tangu yeye aliposimama kuhutubia. Akasema yeye mwenyewe amevunja meno mawili kwa wali wa nyumbani kwake, na mkewe ana macho yote mawili. Akasema ameona akiitwa jina anachelewa kugeuka, lakini ukingoja anageuka, kwa hiyo asiitwe mara tatu tatu kama anayeitwa polisi. Siku iliyofuata akaongeza kwamba honi inamtisha. Siku nyingine, kwamba kelele zikizidi anaziba masikio, na si ujeuri. Watu, kwa kuwa walikuwa wamekatazwa kuondoka, wakasikiliza. Dakika arobaini kila siku, wiki baada ya wiki, mwenye bucha akimweleza mtoto. Sijawahi kusikia mgeni rasmi yeyote anayejua hivyo anachokizindua.

Kufikia mazoezi ya ishirini, wanawake walikuwa wanakuja na mchele wao. Nyungo zilipangwa kwenye mkeka, na Tunu akazipitia zote. Mjamzito mmoja alikaa karibu naye saa nzima, na baadaye akajifungua mtoto wa kawaida kabisa, mwenye kelele.

*

Ila yapo niliyoyaona ambayo sikuyapenda, na nayasema.

Kila siku saa kumi kasorobo dereva alipiga honi. Mazoezi yaliishia kwenye kizingiti, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado haijazinduliwa, na mtoto alitakiwa arudi kituoni kulala. Siku za mwanzo Tunu aliona ni mzaha. Kisha akaelewa. Ikifika saa hiyo alimshika mama yake khanga kwa vidole vyote, na walezi wawili walikuwa wakivifungua kimoja kimoja. Alikuwa akilia kwa sauti ambayo kipaza sauti hakikuihitaji. Bwana Lugome aliandika katika taarifa yake: "Mtoto anaigiza vizuri."

Mama Tunu aliomba usiku mmoja. Mmoja tu, alisema, akamlaze mwanawe ndani ya kile chumba cha chokaa, na asubuhi atamrudisha mwenyewe kwa miguu. Akajibiwa kuwa kulala hakumo kwenye ratiba. Akaenda wizarani, wakampeleka dirisha la kwanza, dirisha la kwanza likampeleka la nne, la nne likamwambia avute subira, mama, unaona mwenyewe kila siku mtoto analetwa. Likaongeza kwamba wapo wengine mia moja na sitini ambao mama zao hawaoni hata hilo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa nikikunja waya zangu haraka haraka ili nisiutazame uso wake. Hayo yalifanyika mara sitini na tatu.

*

Hatimaye waziri akaja. Aliahidi saa nane, akafika saa kumi na nusu, na msafara wa magari kumi na manne, mengine yakiwa hayana mtu ndani. Wananchi wakafurahi dakika tatu kamili. Bwana Lugome alizitazama saa zake zote mbili, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Tunu akashuka kwenye basi, akashikwa mkono, akapewa ndizi, na ya pili. Kisha, kama alivyozoea, akamwendea mgeni rasmi amkaribishe. Akampita waziri, akampita katibu mkuu, akamshika Mzee Makwega kidole na kumvuta kwenda kwenye kiti chenye kitambaa. Alipoona kiti kina mtu, alimwashiria waziri kwa adabu kwamba ainuke. Wapiga picha wakainamisha kamera. Mzee Makwega alimnong'oneza kitu, na mtoto akaenda kukaa kwenye mkeka wake, lakini alimkodolea waziri macho mpaka mwisho.

Ile hotuba iliyokuwa siri ikafunguliwa. Waziri alisema leo ni siku ya kihistoria. Alisema serikali sikivu imesikia kilio cha watoto hawa, ambao jina lao jipya, la nane, atalitangaza kwenye bajeti. Alisema wako waliobeza, wakauliza mpango huu utaanza lini. "Nataka niwajibu leo," akasema, "kwamba mpango huu hauna mwanzo wala mwisho." Watu wakapiga makofi. Jina la Tunu alilitafuta kwenye karatasi hakuliona, akamwita Mtoto wa Mfano.

Jua lilikuwa linashuka. Wapiga picha wakalalamika mwanga unapotea, mambo yakaharakishwa. Mkasi ukaletwa juu ya mto, utepe ukakatwa, waziri akamkumbatia mtoto upande ule wenye mwanga, mama akapewa sekunde kumi badala ya dakika moja, na msafara ukaondoka kwa kasi, kwani mheshimiwa alikuwa anawahi kuzindua Mwezi wa Usafi, uliokuwa unaisha kesho yake.

Mama Tunu aliingia ndani kwa mlango wa mbele kwa mara ya kwanza tangu afungiwe utepe. Nilimwona dirishani anatandika. Ndipo honi ikalia.

*

Alitoka mbio. Alimkuta Bwana Lugome amesimama mlangoni mwa basi na orodha mkononi, na walezi wawili wameshaanza kuvifungua vidole vya mtoto. Akasema utepe umekatwa, kila mtu ameona.

"Tumezindua, mama," Bwana Lugome akamwambia. "Hatujaanza."

Akamweleza, bila ubaya wowote, kwamba uzinduzi ni awamu ya kwanza. Awamu ya pili ni tathmini ya uzinduzi, miezi kumi na minane. Itakapokamilika, na kama itaridhisha, itazinduliwa awamu ya tatu, ambayo ndiyo ya kurudi. Katika muda huo mtoto atakuwa kituoni. Basi la mazoezi nalo halitakuja tena, kwa kuwa hakuna tena kinachofanyiwa mazoezi. Jumapili ya kwanza ya mwezi, nusu saa, kama zamani.

Kwa bahati mbaya nilikuwa sijazima kipaza sauti. Kwa bahati mbaya zaidi nilikuwa nimekisogeza karibu na mama yule.

"Bwana Afisa," Mama Tunu akasema, na sauti ikaenda mpaka kwenye mashamba, "mwanangu hajui mazoezi. Hilo ndilo ambalo hakujaliwa kujua. Kila siku uliyomleta hapa, yeye alirudi kwao kweli. Na kila siku uliyompakia, ulimchukua kweli. Umemchukua mara sitini na tatu, na ile ya kwanza, akiwa na miaka minne. Mwenye kuigiza hapa ni sisi wenye akili. Mara hii simtoi."

Walezi waliacha kazi yao kwenye kidole cha saba. Bwana Lugome alifungua kitabu chake cha kanuni, na niliona wazi anatafuta kifungu cha kumruhusu na hakioni. Nasema tena, si mtu mbaya.

Ndipo Mzee Makwega akasogea, beji yake bado iko kifuani. Akaomba ratiba aione. Akaisoma taratibu, kwa kidole, kama Tunu na mchele wake.

"Bwana Lugome," akasema, "hapa pana kosa."

Neno hilo Bwana Lugome alikuwa hajaambiwa tangu mbuzi. Mzee Makwega akamwonyesha mstari wa mwisho. Mtoto anaingia nyumbani. Je, ameingia? Waziri amekuja, amehutubia, amekata, ameondoka, na kipengele kimoja cha shughuli ya kitaifa hakikufanyika, na taarifa ya kwamba vyote vimefanyika ina sahihi ya nani?

Bwana Lugome akakaa kwenye ngazi ya basi.

Mzee Makwega akauliza kanuni inasemaje kosa likitokea. Bwana Lugome akajibu kwa sauti ndogo kwamba Kanuni ya Kumi na Nne inataka mazoezi yarejewe mpaka kosa liishe. Na nani mwenye kuamua kwamba limeisha? Bwana Lugome alitazama saa ya kwanza, akatazama ya pili. Akasema ni Mgeni Rasmi wa Mazoezi.

"Basi turudie," Mzee Makwega akasema. "Aingie."

Tunu akaachiwa. Akachukua ungo wake, akapanda kizingiti, akasimama kidogo, akaingia. Kijiji kizima kilisikia kimya kilichotoka ndani ya nyumba ile. Mzee Makwega akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeletewa hesabu mbaya. Hakuridhika. Alisema mtoto ameingia kama mgeni, na mtu hawezi kusemwa ameingia kwao mpaka alale, aamke, agombezwe kidogo na aitwe kula. Itabidi kipengele hicho kifanyiwe mazoezi ya kutosha. Bi Njiku akaongeza kuwa hata yeye ndizi yake haijakaa sawa, anahitaji muda.

Bwana Lugome aliinuka pale kwenye ngazi. Kisha akatoa kalamu, akafuta neno moja katika taarifa, akaandika mengine mawili: Mazoezi yanaendelea. Akamwambia dereva aondoke. Alipopita karibu nami aliniuliza kwa nini kipaza sauti kilikuwa wazi. Nikamwambia ni kosa, na kwamba niko tayari kulirudia.

*

Habari husafiri. Haukupita mwezi akina mama wakaanza kufika idarani, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakiomba watoto wao nao wafanyiwe mazoezi. Wizara ilifurahi. Ruhusa ya kurejesha watoto ilihitaji sahihi kumi na moja, lakini ya mazoezi ilihitaji moja tu, ya Bwana Lugome, na mkono wake siku hizo ulikuwa mwepesi. Kila kijiji kilichagua mtu wa kiuno cha kutosha, akahutubia mpaka maneno yake mwenyewe yakamwishia. Na kila mara, kwa bahati mbaya, kosa lilitokea kwenye mstari wa mwisho.

Sitaki nikudanganye kuwa kote kulikwenda vizuri. Yupo baba aliyemrudisha mwanawe siku ya tatu, akamfuata tena baada ya mwezi. Wapo kumi na wanne ambao kwao hakukupatikana, kwa kuwa kituo kilikuwa kimewapa jina la kituo na kulipoteza la kwao. Hao walichukuliwa mmoja mmoja na watu baki, na wa mwisho wao, kijana anayecheka akiona kuku, alichukuliwa na Bi Njiku. Alisema amechoka kuwa jirani wa pili.

Kituo cha Mabonde Saba bado kipo. Kengele inagongwa, uji unapikwa, na Mkurugenzi anajaza kitabu: watoto mia moja na sitini na mmoja, wote wako mazoezini. Walinzi wanaulinda ukuta, wasiuruke wao wenyewe.

Juzi mbunge mmoja alisimama akauliza, katika Mpango wa Taifa wa Kuwarejesha Watoto katika Malezi ya Jamii, mpaka sasa ni watoto wangapi wamerejea kwao. Waziri akafunga kifungo cha koti, akasimama. Akasema kwa masikitiko kwamba hajarejea hata mmoja, lakini anapenda kulihakikishia Bunge lako tukufu kuwa mazoezi yanakwenda vizuri sana. Wabunge wakapiga meza.

Mama Tunu aliyasikia hayo redioni, mchana, akikaanga vitumbua. Akapunguza sauti, kwa sababu mtoto alikuwa amelala.